Rangi ya epoksi inabanduka kwenye sakafu ya gereji: kutafuta chanzo, kuikwangua na kupaka upya

Malalamiko ya sakafu za gereji yanafanana sana. Rangi ilipakwa, ikang'aa, gari likaingia, na kabla ya mwaka kwisha mapande yameanza kuinuka. Mwenye nyumba anarudi dukani kununua kopo jingine, fundi anapitisha msasa juu juu, inapakwa tena, kisha rangi mpya inabanduka ikiwa imeshikana barabara na ile ya zamani. Fedha imepotea mara mbili kwa sababu hakuna aliyetafuta kilichoshindwa mara ya kwanza. Na kilichoshindwa kwa kawaida kiko chini ya rangi, si ndani ya kopo: unyevu, mafuta, maziwa ya saruji (utando dhaifu juu ya zege), au niru (uji wa saruji uliosuguliwa juu ya sakafu) iliyoachana na sakafu.

Maelezo haya ni ya gereji za nyumbani na karakana ndogo zenye sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi. Anza na vipimo, kisha nenda kwenye dalili inayofanana na yako.

Vipimo vya kufanya kabla ya kununua chochote

*Geuza ganda.* Bandua kipande cha ukubwa wa kiganja, utazame upande uliokuwa umelala kwenye zege. Huu ndio ushahidi mkubwa kuliko wote, na hauna gharama.

- Safi na laini, hauna hata chembe ya saruji: rangi haikupata pa kung'ang'ania.
- Una vumbi la kijivu au utando mwembamba wa saruji: uso wa zege wenyewe ni dhaifu.
- Umetoka na ubamba wa saruji wa milimita 1 hadi 3: niru imeachana na sakafu iliyo chini yake.
- Mweusi, unateleza au unanuka dizeli: mafuta.
- Una majimaji, au unga mweupe wa chumvi: unyevu unapanda kutoka ardhini.
- Unaonyesha rangi ya tabaka la chini: matabaka mawili ya rangi yameachana, zege halina kosa.

*Gonga.* Tumia sarafu nzito au mpini wa nyundo, ukipita sakafu nzima kila sentimita 30. Palipo pazima hutoa mlio mkali na mfupi. Palipoachana hutoa mvumo wa kitu chenye uwazi ndani. Zungushia chaki kila sehemu inayovuma.

*Dondosha maji* kwenye zege lililobaki wazi. Matone yakinywewa ndani ya dakika moja na zege likageuka jeusi, vitundu viko wazi. Yakikaa juu kama shanga, kuna nta, mafuta au masalio ya rangi.

*Bandika nailoni.* Kata karatasi nzito ya nailoni ya sentimita 45 kwa 45, ibandike kwenye zege tupu kwa tepu pande zote nne pasipite hewa, uiache saa 16 au zaidi. Fanya hivyo sehemu tatu: katikati, karibu na mlango, na kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limekuwa jeusi kuliko la jirani, unyevu unapanda. Kipimo hiki kikionyesha maji, kiamini. Kikionyesha pakavu, usishangilie bado, kwa sababu kinasoma uso tu. Kipimo cha uhakika ni cha kutoboa zege hadi asilimia 40 ya unene wake na kutumbukiza kihisio cha unyevu, na hicho ni cha wataalamu.

*Kata alama ya X* kwa kisu kikali, mahali rangi inapoonekana nzima, kila mkato sentimita 4, hadi kisu kifike kwenye zege. Ingiza ncha ya kisu pale mistari inapokutana, uinue. Ikitoka vipande vidogo kwa taabu, imeshika. Ikiinuka ganda zima, nayo iko njiani kubanduka hata kama leo inang'aa.

*Sugua kwa kitambaa chenye thina* kwa dakika moja. Rangi ya kopo moja italainika na kupaka kitambaa. Epoksi ya makopo mawili, yaani risini na hadina ya kuigandisha, ikiwa imeiva haitayeyuka.

Dalili: inabanduka kwa mapande makubwa, popote sakafuni

Chanzo cha kwanza kwa wingi ni sakafu kupakwa bila kukwaruzwa. Kufagia na kuosha kwa sabuni si kukwaruza. Epoksi inahitaji uso ambao ukiupapasa unahisi msasa namba 60 hadi 80. Wengi hupitisha asidi ya kusafishia tailizi wakidhani inatosha. Asidi hiyo hula saruji pekee. Haigusi mafuta, nta wala rangi ya zamani, na inaacha kloridi ndani ya zege, ambayo ni adui wa nondo. Pia inalazimu kuosha sakafu kwa maji mengi wakati unahitaji sakafu kavu. Asidi ya betri ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa salfeti yake huvunja saruji yenyewe. Iache.

Chanzo cha pili, ambacho maelezo yanayokuja na makopo ya rangi hayakitaji kwa sababu yameandikwa kwa sakafu za nchi nyingine, ni niru. Sakafu nyingi za Tanzania zina jamvi, yaani zege la chini lililomwagwa juu ya ardhi, juu yake sakafu ya mchanga na saruji ya unene wa sentimita 2 hadi 5, na juu kabisa niru: uji wa saruji tupu uliosuguliwa kwa mwiko hadi ukang'aa. Niru ni ngumu na hupendeza kwa miguu mitupu na kwa mopu. Lakini saruji tupu husinyaa kuliko mchanganyiko wenye mchanga ulio chini yake, kwa hiyo hutoa nyufa nyembamba mithili ya utando wa buibui, na kama fundi aliipiga baada ya sakafu ya chini kuanza kukauka, haikushikana nayo hata kidogo. Epoksi inapoiva nayo hujivuta. Inaishika niru vizuri, kisha inaing'oa. Hapo rangi haina kosa lolote, na kopo la bei ghali lingeing'oa vilevile.

Maziwa ya saruji ni ndugu wa karibu: utando dhaifu unaopanda juu pale zege linapomwagwa na maji mengi mno. Kwaruza kwa msumari. Ukipata unga mweupe unaoendelea kutoka, ndiyo hayo.

Baada ya hapo fikiria polishi. Sakafu nyekundu iliyopigwa polishi ya nta miaka mingi imekunywa nta ndani ya vitundu, na sabuni haiitoi yote. Mwisho kabisa, zege changa: chini ya siku 28 tangu kumwagwa, zege bado linatoa maji yake.

Marekebisho: kwa chanzo cha kwanza na cha polishi, ondoa rangi yote na usage hadi zege lionyeshe chembe za mchanga. Kwa niru na maziwa ya saruji, saga hadi utando wote uondoke, hata sehemu ambazo hazijabanduka. Ukiacha kisiwa cha niru katikati, ndicho kitakachoinuka kwanza.

*Simama:* kama ukigonga unasikia mvumo hata baada ya niru kuondoka, sakafu ya mchanga na saruji nayo imeachana na jamvi. Hapo kazi si ya rangi tena. Mwite fundi mwashi apime kiasi cha kuvunja na kumwaga upya.

Dalili: inatoka chini ya magurudumu tu

Alama nne zenye upana wa tairi, kwingine pazima. Tairi lililotoka barabarani lina moto, na mpira wake una vilainishi vinavyopenya rangi na kuilegeza. Tairi likipoa hujikaza na kuivuta.

Sababu ya kawaida ni rangi ya kopo moja iliyouzwa kwa jina la rangi ya sakafu. Kipimo cha thina kitakuambia. Inayofuata ni unene mdogo: panga maganda 10 moja juu ya jingine na uyapime kwa rula. Yakifika milimita 1 pekee, kila moja ni mikroni 100, na huo ni wembamba kwa gari. Lenga mikroni 250 au zaidi. Ya tatu ni haraka. Epoksi ikikanyagika kwa mguu baada ya saa 24 haijawa tayari kwa gari. Kwa joto la nyuzi 20 hadi 25 inahitaji takriban siku 7 ili iive kabisa.

Kama ni epoksi ya kweli, nene, iliyoachwa siku za kutosha na bado inatoka, rudi kwenye ganda. Magurudumu yameonyesha tu mahali ambapo sakafu nzima ilikuwa dhaifu.

Dalili: malengelenge

Vaa miwani ya kujikinga na glavu kwanza. Lengelenge lenye majimaji linaweza kuruka likichomwa, na maji yaliyomo ni ya alkali, yanaunguza macho. Toboa matatu au manne kwa sindano.

Yakiwa na maji, au ukayakuta manyevu na yana chumvi ndani, unyevu unatoka chini. Yakiwa makavu na matupu, ni hewa au thina iliyonaswa wakati wa kupaka.

Kwa yenye maji, tazama nje kabla ya kulaumu zege. Je, udongo wa nje uko juu kuliko sakafu? Maji ya paa yanaangukia wapi? Kuna bomba au shimo la maji machafu karibu? Mifereji na miteremko ya nje ndiyo marekebisho ya bei nafuu, na mara nyingi hupunguza tatizo kwa kiasi kikubwa. Baada ya hapo ndipo inakuja nailoni ya chini ya jamvi: nyumba nyingi hazikuwekewa, au ilitobolewa na kokoto siku ya kumwaga, na haiwezi kuwekwa tena bila kuvunja. Pwani kuna jambo la ziada. Zege lililochanganywa na mchanga wenye chumvi ya bahari huvuta unyevu hata hewani, na sakafu yake hutoa unga mweupe kila baada ya mvua.

Rudia kipimo cha nailoni wakati wa masika, siyo Januari peke yake. Sakafu ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa inaweza kuwa kavu kabisa wakati wa kaskazi na kutokwa jasho Aprili.

Unyevu ukithibitika, una njia mbili za kweli. Ya kwanza ni praima (tabaka la msingi) ya epoksi iliyotengenezwa mahsusi kuzuia unyevu, ambayo inadai zege lililosagwa vizuri na unene kamili ulioandikwa kwenye bidhaa; ikipakwa nyembamba ili itoshe, haizuii kitu. Ya pili ni kutopaka utando wowote: saga sakafu, weka dawa ya silikati inayoingia ndani na kugumisha uso, uache zege lipumue. Kwa gereji ya nyumbani yenye unyevu, tunapendekeza hii ya pili bila kusita. Haing'ai kama epoksi, lakini haina kitu cha kubanduka.

*Simama:* maji yakichuruzika kutoka kwenye ufa, au sakafu ikilowa hata wakati wa kiangazi, kuna maji yenye msukumo chini au bomba linalovuja. Hakuna rangi ya kuyazuia kutoka juu. Tafuta fundi bomba, kisha mhandisi.

Dalili: haikauki, inanata

Hapa kosa liko kwenye uchanganyaji, karibu kila mara. Uwiano wa risini na hadina ulikosewa, au vilichanganywa kwa kijiti na kilichobaki pembeni mwa ndoo kikamwagwa sakafuni bila kukutana na hadina. Dalili ya kosa hili la pili ni mabaka: hapa pagumu, pale pananata. Wengine hupima kwa mizani uwiano ulioandikwa kwa ujazo. Risini ni nzito kuliko hadina, kwa hiyo 2 kwa 1 kwa lita siyo 2 kwa 1 kwa kilo.

Kuongeza hadina zaidi ili ikauke haraka ni kosa. Hadina iliyozidi haina wa kushikana naye, inabaki laini milele.

Ipe siku 2 ikiwa kulikuwa na baridi, kama Arusha au Mbeya Julai. Ikinata bado, usipake juu yake. Ikwangue kwa skrepa pana, futa masalio kwa kitambaa chenye thina kidogo milango ikiwa wazi, kisha saga. Ni kazi chafu lakini haina njia ya mkato.

Dalili: matundu madogo, au vikombe vya duara

Matundu yenye ukubwa wa ncha ya sindano ni hewa iliyotoka ndani ya zege. Sakafu ikipata joto, hewa iliyo kwenye vitundu hutanuka na kupenya rangi mbichi. Kwa hiyo usipake asubuhi jua likipanda na mlango ukiwa wazi. Paka alasiri, joto likianza kushuka, na weka praima kwanza ili izibe vitundu.

Vikombe vya duara, ambapo rangi imejitenga na kuacha jicho la zege katikati, ni mafuta au silikoni: dawa ya kung'arisha tairi na dashibodi, grisi, WD-40. Haitoshi kujaza vikombe hivyo kwa rangi, kwa kuwa rangi itavikimbia tena. Osha kwa dawa ya kuondoa mafuta, suuza, piga msasa, ndipo upake.

Dalili: imepauka, ina ukungu mweupe, au imekuwa njano

Ukungu wenye utelezi kama sabuni, uliotokea siku ya kwanza au ya pili, umetokana na hadina iliyokutana na mvuke na hewa ya kaboni. Uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kwanza, ukauke, ndipo upige msasa. Ukianza na msasa unaukandamiza ndani, na tabaka lijalo litaachana.

Njano karibu na mlango ni jua. Epoksi za kawaida haziwezi jua. Tabaka la mwisho liwe poliurethani inayostahimili mwanga. Mabaka yaliyolainika mahali pamoja hutokana na mafuta ya breki au asidi ya betri. Kata kipande hicho, saga, paka kiraka.

Dalili: nyufa zimerudi juu ya rangi

Ufa mwembamba usioongezeka ulijazwa kijuujuu tu. Ufa unaotembea utapasua kijazio chochote kigumu. Chora mistari miwili ya penseli kuvuka ufa, andika tarehe na upana, upime tena baada ya miezi kadhaa, ikiwemo ya mvua. Mistari iliyokatwa makusudi kwenye zege ni viungo vya kusinyaa. Usiijaze epoksi ngumu. Weka kijazio cha poliurethani kinachonyumbulika, au iache wazi.

*Simama:* upande mmoja wa ufa ukiwa juu kuliko mwingine, ufa ukipanda ukutani, au kutu ya nondo ikionekana, mwite mhandisi wa majengo kabla ya kugusa rangi.

Kuondoa rangi iliyoshindwa

Kwanza amua kiasi. Sehemu zilizofaulu kipimo cha X zinaweza kubaki, zikapigwa msasa hadi zipoteze mng'ao na kingo zikalainishwa zisihisike kwa kidole. Lakini zaidi ya robo ya sakafu ikiwa imeachana, toa yote. Viraka vingi hugharimu kuliko kuanza upya.

Toa yaliyolegea kwa skrepa yenye mpini mrefu. Baki inatolewa kwa kusaga. Kwa gereji ya gari moja, mita 3 kwa 6, grinda ya inchi 5 au 7 yenye kikombe cha almasi inatosha. Kishikilie bapa na usikisimamishe mahali pamoja, kitachimba shimo. Grinda iwe na kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, kinachonasa vumbi laini kabisa.

Kwa eneo kubwa, kodi mashine ya terazo pamoja na mwendeshaji wake. Ipo karibu kila mji, na inafanya kazi hii vizuri kuliko wengi wanavyofikiri. Waambie mambo matatu. Watumie jiwe la kukwangua pekee, namba 36 au karibu na hiyo, wasiendelee na mawe ya kung'arisha, maana sakafu laini ndiyo iliyoleta tatizo. Jiwe likizibwa na rangi, wanyunyize mchanga mkali na maji ili lifunguke. Na ule uji wa saruji uzolewe na kusuuzwa kabla haujakauka, la sivyo unaacha utando dhaifu mpya juu ya zege zuri. Baada ya maji, iache sakafu ikauke siku kadhaa na urudie kipimo cha nailoni.

Vumbi la zege lina silika, na silika huharibu mapafu bila tiba. Barakoa ya kitambaa au ile ya hospitali haizuii. Vaa barakoa yenye vichujio vya P3 au P100 iliyobana uso, miwani, na vizibo vya masikio. Ziba mlango wa kuingilia nyumbani kwa nailoni na tepu, watoto wasiwe karibu. Usifagie pakavu. Grinda ya umeme ya kawaida isitumike kwenye sakafu yenye maji. Mashine ya terazo imetengenezwa kwa maji, lakini nyaya na soketi zake zikaguliwe.

Dawa za kuyeyusha rangi zenye methilini kloridi usizitumie gerejini. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatuama chini na ndani ya shimo la kukagulia gari, na umewahi kuua watu. Marekani ilizuia kuuzwa kwake kwa wananchi kama dawa ya kuondoa rangi mwaka 2019. Petroli nayo kamwe. Bunduki ya hewa moto huunguza epoksi na kutoa moshi wa sumu.

*Simama:* rangi ya zamani sana inaweza kuwa na risasi. Usiisage pakavu kabla haijapimwa. Ukikuta chini ya rangi gundi nyeusi ya vigae vya plastiki vya zamani, iache kabisa hadi ipimwe kama ina asbestosi.

Mafuta yaliyoingia ndani

Doa la mafuta la miaka mingi halitoki kwa mara moja. Mimina dawa ya kuondoa mafuta au sabuni ya unga kwenye maji ya moto, sugua kwa brashi ngumu, zoa maji, rudia. Kisha tandaza bandiko la chokaa ya unga iliyolowekwa dawa hiyohiyo, unene wa sentimita 1, funika kwa nailoni usiku mzima, ondoa, saga. Fanya kipimo cha matone ya maji siku hiyo na siku 2 baadaye, kwa kuwa mafuta hupanda tena kutoka chini. Matone yakiendelea kukaa kama shanga baada ya raundi tatu, chonga kipande hicho kwa tindo na ukijaze upya. Ni kazi ya nusu siku, na ni nafuu kuliko kupaka sakafu nzima mara ya tatu.

Kutengeneza na kupaka upya

Nyufa tulivu zipanuliwe kwa grinda hadi milimita 6 hadi 10, zifyonzwe vumbi, zijazwe epoksi iliyochanganywa na mchanga mkavu wa silika hadi iwe nzito kama mchanganyiko wa plasta. Mashimo yajazwe vivyo hivyo. Saga usawa ikishaiva. Fyonza vumbi mara mbili, kisha pitisha kiganja: kikitoka cheupe, fyonza tena.

Kiasi ni hesabu rahisi. Lita 1 ya epoksi isiyo na kiyeyushi, ikitandazwa mita 1 ya mraba, hutoa unene wa milimita 1. Kwa mita 18 za mraba na mikroni 250, unahitaji lita 4.5 kwa kila tabaka. Matabaka mawili lita 9, na asilimia 10 ya upotevu, takriban lita 10. Praima iwe mikroni 200, lita 3.6 hivi, na zaidi kama zege linakunywa sana. Kopo likiandikwa lina nusu tu ya vitu vigumu, unene uliokauka ni nusu, kwa hiyo ongeza matabaka. Usiamini eneo lililochapishwa mbele ya kopo. Fanya hesabu mwenyewe.

Hali ya hewa: sakafu iwe na joto la angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo mvuke wa hewani huanza kugeuka matone. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 85, ambayo Pwani ni siku ya kawaida, ina kiwango cha umande cha nyuzi 25. Sakafu lazima basi iwe nyuzi 28, na sakafu ya kivulini mara nyingi iko chini ya hapo. Ahirisha. Miezi mizuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba.

Changanya kwa drili ya mwendo wa polepole dakika 3, kwangua pembeni na chini, mimina kwenye ndoo ya pili safi, changanya dakika 1 tena. Ndoo ya pili ndiyo inayookoa sakafu dhidi ya mabaka yanayonata. Kisha mimina yote sakafuni mara moja kwa mistari. Epoksi ikibaki ndooni hujipasha joto yenyewe, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hukata muda wake kwa takriban nusu. Iliyoandikwa dakika 40 kwa nyuzi 20 itakuwa na dakika 20 kwa nyuzi 30. Ndoo ikianza kutoa moshi, itoe nje, usiifunike.

Tandaza praima kwa mpira wa kukokotea, pitisha rola, nyunyiza mchanga mkavu wa silika kilo 0.5 hadi 1 kwa mita ya mraba. Kesho yake fagia mchanga uliolegea na upake tabaka la kwanza, siku inayofuata la pili. Ukichelewa kupita muda ulioandikwa kwenye bidhaa, mara nyingi saa 24, piga msasa kabla ya kuendelea, hata kama sakafu inaonekana safi. Ongeza chembe za kuzuia utelezi kwenye tabaka la mwisho, hasa karibu na mlango mvua inapoingilia.

Fungua milango wakati wote wa kazi, na vaa glavu za nitraili. Epoksi mbichi ikigusa ngozi mara kwa mara huleta mzio usioondoka. Osha kwa sabuni, si kwa thina. Masalio yaliyochanganywa yaache yagande kwenye ndoo ndipo uyatupe, yasimwagwe mtaroni. Watu wapite baada ya saa 24, gari liingie baada ya siku 7, na wiki ya kwanza ya gari usipige kona ya usukani likiwa limesimama.